Kiti cha Karani: Uwakili Uliosomewa Ofisini

Katika miaka ya 1870, kwenye kijiji cha Llanystumdwy kaskazini mwa Wales, fundi viatu mmoja aitwaye Richard Lloyd alikuwa akijifundisha Kifaransa na Kilatini baada ya kazi. Alikuwa na mpwa wake aliyefiwa na baba akiwa bado mchanga. Kijana alitaka uwakili, na mtihani wa awali wa wanasheria ulidai lugha ambazo shule ya kijijini haikuzifundisha. Kwa hiyo mjomba alisoma kwanza yeye, kisha akamsomesha mtoto. Kijana alifaulu, akaingia ofisi ya mawakili katika mji jirani wa Portmadoc, na mwaka 1884 akahitimu uwakili bila kupita chuo kikuu chochote. Huyo ndiye David Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1916 hadi 1922.

Watu wengi huisimulia habari hii kama kisa cha bidii, na bidii ilikuwepo kweli. Lakini ukiitazama kwa upande wa fedha unaona jambo jingine. Kitu kilichokaribia kumkwamisha kijana yule hakikuwa Kilatini. Ili akubaliwe kukaa kwenye meza ya karani, familia ilipaswa kumlipa wakili mlezi pauni 100, na kuilipa serikali pauni 80 za ushuru wa stempu juu ya karatasi ya mkataba. Malipo hayo yaliikomba akiba aliyoiacha marehemu baba yake. Watu wa pwani yetu wanajua desturi ya kilemba, yaani tuzo ambayo mwanagenzi humpa fundi wake akishahitimu, kwa shukrani. Kwa mawakili wa Uingereza kilemba kilitangulia. Ulitoa kabla hujaonyeshwa hata jinsi ya kukunja hati, na asiyekuwa nacho alibaki nje, awe na akili kiasi gani.

Hoja yangu inaanzia hapo. Tunapozungumzia kusomea sheria nje ya chuo kikuu, mara nyingi tunabishana kuhusu vitabu na mitihani: je, mtu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku anaweza kuijua sheria? Historia imekwisha kulijibu swali hilo zamani, na jibu ni ndiyo. Swali lililowaumiza watu, na ambalo halijapata jibu hadi leo, ni la nani atampokea mwanafunzi huyo ofisini, na kwa masharti gani.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kale. Sheria ya Bunge la Uingereza ya karne ya 18 iliamuru kwamba anayetaka kuwa wakili wa ofisini atumikie mkataba wa miaka 5 chini ya wakili aliyekwisha kuandikishwa. Karani mwanagenzi alinakili hati, alipeleka nyaraka mahakamani, alikaa pembeni mteja akieleza shida yake, na usiku alisoma. Mtihani wa Chama cha Wanasheria ulikuja baadaye sana, mwaka 1836. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 kilichomfanya mtu awe wakili kilikuwa kiti chake ofisini na neno la mlezi wake. Mwaka 1860 mlango ulipanuliwa kidogo: karani aliyefanya kazi ofisini kwa miaka 10 aliruhusiwa kufunga mkataba wa miaka 3 badala ya 5. Lakini hata huyo, mwenye muongo mzima wa kazi mikononi, alihitaji wakili wa kumkubali.

Anayedhani kwamba elimu peke yake ingetosha na amtazame Gwyneth Bebb. Alisoma sheria Oxford na alama zake zilikuwa za daraja la kwanza, ingawa wakati huo chuo hicho hakikuwapa wanawake digrii. Alipoomba kufanya mtihani wa awali wa mawakili alikataliwa, na mwaka 1913 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mwanamke hawezi kuwa wakili kwa sababu hajawahi kuwa. Ilibidi Bunge libadilishe sheria mwaka 1919, na wanawake wa kwanza wakaandikishwa mwaka 1922. Bebb alikuwa na kila kitu ambacho chuo kikuu kinaweza kumpa mtu. Alikosa ruhusa ya wenye taaluma.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hatashangaa kusikia kwamba sheria husomwa nje ya chuo. Fiqhi ya Kishafii imefundishwa kwa vizazi barazani na misikitini, mwanafunzi akimkalia sheikh wake kitako, akisoma Minhaj ya Imam Nawawi mlango kwa mlango. Makadhi wakubwa wa mwambao walitoka humo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, alifanya kazi ya ualimu wa shule za serikali Zanzibar kwa miaka mingi, na elimu yake ya dini aliichota darsani nje ya saa za kazi. Silinganishi vitu visivyolingana: kadhi na wakili wana kazi tofauti. Ninachokitaja ni mlango. Darsa la msikitini lilikuwa wazi kwa anayekuja na kitabu chake. Ofisi ya wakili haikuwa hivyo.

Mahali ambapo mambo haya yote yalikutana kwa ukali kuliko pengine popote ni Johannesburg ya miaka ya 1940. Nelson Mandela alipofika huko hakuwa na digrii wala fedha. Walter Sisulu alimpeleka kwa wakili Lazar Sidelsky, na ofisi ya Witkin, Sidelsky na Eidelman ikampokea bila kudai kilemba ambacho ilikuwa kawaida kutozwa. Kwa wakati ule, wakili Mzungu kumfungia mkataba Mwafrika lilikuwa jambo la nadra kabisa. Mandela alimalizia digrii yake ya kwanza kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akisoma kwa mshumaa katika chumba cha kupanga Alexandra, kitongoji kisichokuwa na umeme, na siku nyingine akitembea kwa miguu karibu kilomita 10 hadi mjini ili kuokoa nauli. Suti ya zamani aliyopewa na Sidelsky aliivaa kwa karibu miaka 5, ikazidi viraka kuliko kitambaa.

Siku za mwanzo katika ofisi hiyo, karani mmoja wa kike alimweleza kwa upole kwamba hapo hakuna ubaguzi: chai ikiletwa, kila mtu anachukua kikombe chake kwenye sinia. Kisha akaongeza kwamba vimenunuliwa vikombe viwili vipya, kimoja chake na kimoja cha Gaur Radebe, mfanyakazi mwingine Mwafrika. Chai ilipoletwa, Radebe aliviruka vile vipya mbele ya macho ya wote, akachukua kimoja cha zamani, akatia sukari na kukoroga. Mandela, ambaye hakutaka kumkosea yeyote, alisema hana kiu, na tangu hapo akawa anakunywa chai yake peke yake jikoni. Vikombe vile viwili vinaeleza hali ya mwanagenzi kuliko sheria yoyote ya mkataba. Kupokewa ofisini hakukuwa haki yake. Kulikuwa hisani, na anayeishi kwa hisani hupima kila hatua.

Sasa tazama upande wa chuo kikuu. Mandela alijiandikisha Witwatersrand mwaka 1943 kusomea shahada ya sheria, huku akifanya kazi na kulea familia. Alishindwa mitihani ya mwaka wa mwisho mara kadhaa, akaomba apewe nafasi nyingine, akanyimwa, na mwaka 1949 akaachana nayo. Lakini sheria ya Afrika Kusini ilikuwa na njia ya pili kwa mawakili wa ofisini: mkataba wa uanagenzi na mtihani wa taaluma. Aliupita huo, na mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo, mwalimu wa hesabu na sayansi aliyepita njia hiyohiyo ya mkataba, wakafungua ofisi yao Chancellor House, mkabala na mahakama ya hakimu. Kila asubuhi ngazi na vibaraza vilijaa watu waliokamatwa kwa kutembea bila pasi au kufukuzwa kwenye nyumba zao. Kama chuo kikuu kingekuwa mlango pekee, watu hao wasingekuwa na mahali pa kwenda.

Najua pingamizi la kwanza: huyo alikuwa Mandela, na Lloyd George alikuwa Lloyd George, na huwezi kujenga mfumo juu ya watu wa aina hiyo. Ni kweli. Lakini wanaosema hivi husahau makarani wasio na majina makubwa waliojaza orodha za mawakili kwa karne mbili, wakaandika wosia na mikataba ya nyumba, wakastaafu. Majina makubwa tunayataja kwa kuwa maisha yao yameandikwa. Taaluma haikubebwa na wao peke yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu ubora. Tukifungua njia hii, husema wengi, tutawajaza wananchi vishoka. Hofu hiyo ina msingi. Mlezi mzembe alimgeuza mwanagenzi kuwa mtarishi asiye na mshahara, akamaliza miaka 5 anajua kunakili tu. Na kwa Afrika Mashariki kulikuwa na kasoro nyingine. Wengi wa Waafrika waliopata uanasheria kabla ya uhuru waliupata katika mabaraza ya mawakili ya London, ambako digrii haikuwa sharti lakini pia hapakuwa na mafunzo ya kazi ya ofisini wala ya sheria za kwetu. Kamati ya Uingereza chini ya Jaji Denning, iliyochunguza elimu ya sheria ya wanafunzi wa Afrika, ililisema hilo waziwazi, na mapendekezo yake yalichangia kuzaliwa kwa elimu ya sheria nyumbani. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mwaka 1963 Nairobi ikapata Shule ya Sheria ya Kenya, iliyoanza kwa kufundisha makarani wanagenzi. Nairobi ilianzia ofisini, Dar es Salaam ikaanzia darasani, na ndani ya miongo michache darasa likashinda pande zote. Uingereza nako, ripoti ya Ormrod ya mwaka 1971 ilipendekeza sheria iwe taaluma ya wenye digrii.

Lakini je, darasa liliondoa tatizo la ubora? Oktoba 2022 Watanzania walisoma matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi huiita Law School. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Wote hao walikuwa na shahada ya sheria mkononi. Kelele zikawa nyingi hadi Wizara ya Katiba na Sheria ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kuna waliolaumu vyuo vikuu, kuna waliolaumu taasisi, na sina nia ya kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba mwenye kutaka kuthibitisha kuwa digrii ndiyo kinga ya mwananchi dhidi ya wakili asiyejua kazi, takwimu hizo hazimsaidii. Kilichomlinda mwananchi ni mtihani wa mwisho, na mtihani hauulizi uliisomea wapi sheria.

Ndiyo maana naona tulipobomoa nyumba kwa sababu ya paa bovu, tulikosea. Kasoro za uanagenzi zilikuwa kilemba, hisani na mlezi asiyekaguliwa, na zote zingerekebishika. Uingereza yenyewe imeanza kurudi. Tangu 2016 kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuajiriwa na ofisi ya mawakili, akasoma kwa takriban miaka 6 huku akilipwa mshahara, gharama za masomo zikiwa si zake. California haijawahi kuifunga njia hiyo: mtu anaweza kusoma miaka 4, saa 18 kwa wiki, chini ya wakili au jaji, akapimwa kila mwezi. Lakini kule sharti la kwanza limebaki lilelile la Portmadoc: umpate wa kukukubali.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimempa mtumishi wa Songea au Kigoma nafasi ya kusomea shahada ya sheria bila kuacha kazi, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo karani wa mahakama aliyefungua na kufunga majalada kwa miaka 15, anayejua hati ipi hukataliwa na kwa nini, huanzia mstari mmoja na asiyewahi kuona jalada. Miaka yake haihesabiki popote. Waingereza wa mwaka 1860, pamoja na ubaguzi wao wote, waliihesabu.

Mandela na Tambo walipopata ofisi yao wenyewe, wao pia walipokea wanagenzi. Mmoja wao alikuwa Godfrey Pitje, aliyekuwa mhadhiri kabla ya kugeukia sheria. Siku moja mwishoni mwa miaka ya 1950 aliingia mahakamani kumtetea mteja, akaketi kwenye meza ya mawakili. Hakimu alimwamuru ahamie meza nyingine, iliyotengwa kwa mawakili wasio Wazungu. Pitje alikataa kuendelea na kesi kutoka meza hiyo, akatozwa faini ya pauni 5 kwa kuidharau mahakama, na mwaka 1960 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Meza zote mbili zilikuwa ndani ya chumba kimoja, na sheria iliyozungumzwa juu yake ilikuwa ileile.