Karani, mizani na mashine: somo la viwanda vya chai vya Meru na Embu

Mazungumzo ya ajira hapa kwetu pwani huanza na bandari na kuishia na bandari. Leo nawaomba wasomaji twende bara kidogo, hadi Meru na Embu. Huko mashine mpya zimeingia kazini moja baada ya nyingine, na wanayopitia wafanyakazi wa kule yanatuhusu sisi pia. Swali ni moja tu: kampuni ikijua kwamba kazi zitabadilika, itamwandaa vipi mfanyakazi iliye naye kabla mabadiliko hayajamkuta?

Viwanda vyenyewe

Embu kuna viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri. Meru kuna Imenti, Kionyo, Kinoro, Githongo, Michimikuru, Kiegoi na Igembe. Hivi ni viwanda vya wakulima wadogo, wao ndio wenye hisa, na usimamizi uko kwa KTDA. Shirika hilo lilianzishwa na serikali mwaka 1964 na likabinafsishwa mwaka 2000.

Chai ikishatengenezwa na kufungwa huko, hushuka Mombasa kuuzwa kwa mnada. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia hapa mwaka 1969. Kwa hivyo karani wa kituo cha chai kule Runyenjes na mpagazi wa ghala la Shimanzi wanakula sahani moja. Kikiharibika kitu kule juu, huku chini tutakihisi.

Kilichobadilika

Tuanze na mizani. Zamani, kwenye kituo cha kununulia majani, karani alipima kapu la mkulima kwa mizani ya kuning'iniza, akaziandika kilo kwa kalamu. Siku hizi kuna mizani ya elektroniki na kifaa cha mkononi kinachohifadhi hesabu na kumtolea mkulima risiti. Kazi ni ile ile ya kupima, lakini ujuzi si ule ule. Karani lazima ajue kutunza betri na kutuma hesabu kiwandani. Tena lazima ajue kumweleza mama wa miaka sabini kwa nini aamini karatasi iliyotoka kwenye kijidude.

Ndani ya kiwanda, majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Hapo kwenye kuchachuka ndipo ladha inapopatikana au kupotea. Wazee wa kazi hujua wakati umefika kwa kutazama rangi na kunusa harufu. Sasa kuna vipimo vya joto na unyevu vinavyotoa nambari. Atakayefaa kesho ni yule mwenye pua ya mzee na anayeweza pia kuisoma nambari.

Kiwanda cha Imenti kilikwenda mbele zaidi: kina mtambo mdogo wa umeme wa maji, na umeme unaozidi huuzwa kwa Kenya Power. Kampuni ya chai ikajikuta inahitaji watu wanaoelewa mitambo ya umeme, kazi ambayo mwasisi wa kiwanda hakuiota. Na hapa Mombasa, mnada uliokuwa ukifanywa kwa sauti ukumbini ulihamia kwenye kompyuta mwaka 2020.

Si chai peke yake. Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya mwaka 2025 kuhusu mustakabali wa ajira iliwauliza waajiri zaidi ya 1,000. Kwa makadirio yao, asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi utabadilika kufikia mwaka 2030. Ripoti hiyo inasema kazi milioni 92 zitaondoka duniani na milioni 170 zitazaliwa. Hesabu hiyo inafurahisha kwa jumla, lakini anayepoteza kazi siye lazima atakayepata ile mpya. Pengo hilo huzibwa na mafunzo.

Pasipo mafunzo

Mwezi wa Mei 2023, kule Kericho, wakaazi walichoma moto mashine za kuchumia chai kwenye mashamba makubwa. Sitetei kuchoma mali ya mtu. Lakini mtu huiona mashine kuwa adui pale inapoletwa bila yeye kuonyeshwa nafasi yake. Meru na Embu mkulima mdogo bado anachuma kwa mkono, kwa hivyo mabadiliko yamegusa zaidi vituo, viwanda na ofisi. Huko bado kuna muda wa kuwaandaa watu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya hesabu katika ghala moja hapa Mombasa. Kompyuta zililetwa, na pamoja nazo wakaletwa vijana wapya wa kuzitumia. Makarani wa zamani, waliokuwa wakijua kila shehena iko pembe gani, hawakufundishwa hata siku moja. Wakaambiwa mikataba imekwisha. Miezi michache baadaye mizigo ilianza kupotea ndani ya ghala, na wale wazee wakapigiwa simu waje kuonyesha. Kampuni ililipa mara mbili kwa jambo ambalo wiki mbili za mafunzo zingelimaliza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatua za kuandaa wafanyakazi

Kwanza, kampuni iorodheshe kazi, si watu. Kila kazi iulizwe: baada ya miaka mitano, sehemu gani itafanywa na mashine na sehemu gani itabaki kwa binadamu? Kupima kwa karani kutachukuliwa na mizani. Kusuluhisha ugomvi wa kilo hakutachukuliwa.

Pili, wapimwe wafanyakazi waliopo, kila mmoja ana nini na amepungukiwa na nini. Wengi wanajua zaidi ya yaliyoandikwa kwenye faili zao.

Tatu, mafunzo yawe kazini, mafupi, na kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Fundi wa boila hatajifunza kutoka kwa hotuba ya hotelini. Atajifunza mashine ikiwa mbele yake na mtu anayeijua akiwa pembeni. Vyuo viko karibu: Meru kuna chuo cha ufundi cha kitaifa, Meru National Polytechnic, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, Embu kuna Chuo Kikuu cha Embu.

Nne, mafunzo yafuatwe na nafasi au nyongeza ya mshahara. Mtu akifundishwa kazi ya juu na kuachwa kwenye malipo ya chini, ataondoka na ujuzi wake, na hutamlaumu.

Pesa zipo

Waajiri wengi husema mafunzo ni ghali. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kwa sheria ya mafunzo ya viwanda, mwajiri hutakiwa kulipa tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa mamlaka ya NITA. Pesa hizo hulipwa na mwajiri, hazikatwi kwenye mshahara. Kampuni ya watu 200 hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa tozo anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo, mradi kozi iwe imeidhinishwa kabla ya kuanza na mkufunzi awe amesajiliwa. Asiyeomba huwa amelipa na kuondoka mikono mitupu.

Na cheti je?

Fundi aliyejifunza kwa macho na mikono hana haja ya kurudi skuli kukaa na watoto. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya 3, 2 na 1, na ina kituo chake hapa Mombasa. Nchi pia ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa: hupimwa anachokiweza, akapewa cheti. Mimi nina diploma na ninaiheshimu, lakini naijua thamani ya mtu aliyekaa miaka ishirini mbele ya mtambo mmoja. Kampuni ikimlipia mtu huyo ada ya mtihani, imemwekea akiba itakayomfaa hata siku kiwanda kikifungwa.

Wazee walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Bidii ile ile bado inatakiwa, ila mpini umebadilika. Kwa hivyo wewe unayefanya kazi ghalani, bandarini au hotelini, mwulize mwajiri wako mambo matatu: tozo ya NITA inalipwa? Mara ya mwisho kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo ilikuwa lini? Na mashine mpya ikija, nani kati yetu atafundishwa kuitumia? Ulizeni pamoja kupitia chama chenu, na ulizeni sasa, kabla mashine haijashushwa kwenye lori.