Debe na Bangi
Hapa Bombolulu debe huchota maji, hupima mahindi, na likitoboka hupandwa mrehani. Neno lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, kama lilivyovuka lile ambalo mbele ya wazee hatulitaji: bangi.

Nani aligundua mmea huu unachanua lini? Namtaja Julien Tournois, Mfaransa. Mwaka 1912, Paris, aliona kwamba bangi ikipunguziwa saa za mwanga huchanua ingali changa. Vita vikamuua 1914, na sifa wakabeba Wamarekani, Garner na Allard, mwaka 1920, kwa tumbaku na soya. Si haki, lakini ndivyo historia.

Ulaya mmea hungoja siku zifupike. Mombasa, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, utangoja nini? Mchana na usiku hapa karibu sawa mwaka mzima.

Sheria ndiyo hainyumbuki. Ile ya 1994 haibagui shamba na debe la barazani: faini isiyopungua shilingi 250,000, au jela hadi miaka 20, au vyote viwili. Manake kijana wa chumba cha kupanga anaweza kutoka ana mvi. Mwaka 2021 Marasta walienda Mahakama Kuu, Nairobi, kuomba waruhusiwe kuitumia nyumbani kwa ibada.