Buran: Chombo cha Wanaanga Kilichoruka Bila Mwanaanga

Umoja wa Kisovieti ulipoamua mwaka 1976 kujenga chombo cha anga za juu chenye mabawa, kitakachopaa kwa roketi, kuizunguka dunia na kurudi kutua kama ndege, sababu kubwa ilikuwa Marekani, ambayo tayari ilikuwa ikiunda chombo cha namna hiyo na ambayo nia yake ilitiliwa shaka na wakuu wa jeshi mjini Moscow. Chombo hicho, Buran, kiliundwa na shirika la Molniya chini ya mhandisi Gleb Lozino-Lozinsky. Kilikuwa na urefu wa mita 36 hivi na mabawa yenye upana wa mita 24, na kilifunikwa kwa vigae takriban 38,000 vya kuzuia joto kali linalozuka chombo kinapoingia katika angahewa kwa kasi.

Kwa kuwa umbo lake lilifanana mno na la kile cha Wamarekani, wengi wamekiita nakala tu, na hukumu hiyo si ya haki. Chombo cha Marekani kilibeba mkiani injini kuu tatu ambazo, kikishafika juu, ziligeuka mzigo. Buran hakikuwa nazo, bali kilipandishwa na roketi Energia, kikabaki na injini ndogo za kukifikisha kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, na za kupunguza mwendo wakati wa kurudi. Kwa uamuzi huo Energia ikawa roketi inayojitegemea, yenye uwezo wa kubeba tani 100 hivi za mzigo mwingine wowote, na Mei 1987 iliruka bila Buran.

Ubora wa pili ulionekana tarehe 15 Novemba 1988, pale Buran, kilichojengwa kuchukua hadi watu 10, kiliporushwa kitupu kutoka Baikonur, Kazakhstan, kikaizunguka dunia mara 2 na kurudi baada ya dakika 206 kikiongozwa na kompyuta zake peke yake. Kilipokaribia uwanja, huku upepo ukivuma kwa nguvu, kompyuta ziliamua kukigeuza upande ambao waongozaji hawakuutarajia, ili kipunguze kasi iliyozidi. Waliokuwa chini waliingiwa na hofu, lakini kilitua takriban mita 3 tu kutoka mstari wa kati wa njia ya kutulia. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Marubani waliojiandaa kwa miaka mingi, akiwemo Igor Volk, hawakupata kukipandisha angani, kwa maana dola iliyokijenga ilivunjika na mradi ukasimamishwa mwaka 1993. Tarehe 12 Mei 2002 paa la jengo kilimohifadhiwa Baikonur liliporomoka, likaua wafanyakazi 8 na kukiharibu kabisa. Hata hivyo, kutokana na injini za roketi za pembeni za Energia ilibuniwa RD-180, ambayo Wamarekani waliinunua na kuanza kurushia roketi zao za Atlas mwaka 2000.