Mgongo wazi: jeraha linavyofungwa na sababu ya kuwahi hospitali

Mtoto mwenye mgongo wazi huzaliwa na sehemu ya uti wa mgongo ikiwa haikufunikwa, mishipa ya fahamu ikiwa nje au ndani ya kifuko chembamba chenye maji. Wataalamu hushauri afanyiwe upasuaji ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya kuzaliwa, kwa kuwa kila saa inayopita huwapa vijidudu nafasi ya kuingia na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kwa familia ya Kata ya Ntobeye, wilayani Ngara, mkoani Kagera, muda huo ni mfupi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, ingawa tangu Juni 2025 magari yanayopitia Geita huvuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, bila kusubiri kivuko. Kabla ya safari mhudumu wa afya hufunika kidonda kwa chachi safi iliyoloweshwa maji maalumu ya chumvi, na mtoto hulazwa kifudifudi. Majani, unga au dawa za kienyeji visipakwe kamwe.

Daktari hafungi ngozi peke yake. Kwanza huirudisha mishipa ya fahamu mahali pake, kisha hushona utando mgumu unaoizunguka. Hapo ndipo penye kazi hasa: mshono huo ukiachia, maji ya ubongo huvuja na kidonda hakiponi. Juu yake hufuata tabaka la misuli na mwisho ngozi, ambayo kidonda kikiwa kipana hulazimu kuvutwa kutoka ubavuni.

Baada ya upasuaji mtoto hulazwa kifudifudi au kwa ubavu, na nepi huwekwa chini ya mshono ili kinyesi kisiufikie. Maji yakitoka kwenye kidonda, au mtoto akipata homa au kukataa kunyonya, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa nacho hupimwa kila kliniki, kwani watoto wengi wa aina hii hupata kichwa kikubwa.

Upasuaji haurudishi nguvu za miguu zilizokwisha kupotea. Uti wa mgongo hujifunga tumboni ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanza kumezwa kabla ya ujauzito.