Ujiji na Buha: siasa za utumwa kabla ya vita vya 1892–1894

Ujiji, mji wa ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, pamoja na nyanda za juu za Buha zilizo nyuma yake (leo wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko), uliguswa kwa miaka takriban ishirini na ugomvi uliotangulia vita kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani. Kilichogombewa ni utumwa, pembe za ndovu na mamlaka juu ya ziwa. Waliolaani utumwa na walioutetea walikuwa, karibu wote, wanaitaka pia njia ya pembe.

Buha

Buha haikuwa na mtawala mmoja. Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru na Bushingo kila moja ilikuwa na mwami (mfalme) wake, na chini yake watwale (machifu wadogo). Misafara ilitozwa hongo (ushuru wa kupita) nzito: Novemba 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alilipa nguo nyingi kiasi kwamba mwishowe aliwavusha wapagazi wake usiku, porini, ili kuwakwepa watwale waliobaki mbele.

Mwinyi Kheri na bendera ya sultani

Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea Ujiji Burton na Speke walipoingia Februari 1858. Sokoni pesa ilikuwa sofi, shanga nyeupe mfano wa vipande vya shina la kiko. Watumwa wengi walivushwa kwa mitumbwi kutoka magharibi ya ziwa, hasa Manyema. Wengine walipelekwa Tabora na pwani, wengine wakabaki mjini kulima, kubeba mizigo na kushika bunduki za mabwana zao.

Kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia usafirishaji wao baharini. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa bara. Huko Ujiji hakuwa na askari wa kuisimamia amri hiyo. Mwinyi Kheri, tajiri kutoka Mrima aliyeongoza mji huo, aliipokea bendera ya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1880, Wazungu walipokwisha kuanza kujenga ziwani. Alitaka kinga dhidi yao; biashara iliendelea. Alifariki mwaka 1885.

Wamisionari

Chama cha Wamisionari cha London kilifika Ujiji Agosti 1878. Mmoja wa wamisionari wake, Thomson, alifariki mwezi uliofuata; mwenzake Edward Hore, baharia, alibaki. Wafanyabiashara waliwashuku kuwa ni macho ya John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, na shaka hiyo ilikuwa na msingi, kwani Hore alikuwa akimwandikia. Meli yao, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885.

Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki la Askofu Mkuu Lavigerie, waliwasili Januari 1879. Wao walinunua watoto watumwa kwa nguo na kuwalea katika vituo vyao. Lawama dhidi ya njia hiyo ni nzito na ya haki: malipo ya ukombozi yaliingia mfukoni mwa muuzaji yule yule, naye akarudi ng'ambo kutafuta wengine. Hata hivyo mtoto aliyekombolewa alikuwa amekombolewa. Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na mto Niger na kununuliwa na mapadri hao, alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Huko Rumonge, katika Burundi ya leo, ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekuwa chini ya malezi yao uliwagharimu maisha wamisionari watatu mwaka 1881.

Mwaka 1888 Lavigerie, sasa kardinali, alihutubia Paris, London na Brussels akitaka watu wenye silaha wapelekwe ziwani. Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa tayari Mpala, ufuko wa magharibi wa ziwa, akiwafundisha vijana kutumia bunduki.

Rumaliza

Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu Rumaliza, alitoka Lindi na alikuwa mshirika wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Baada ya Mwinyi Kheri yeye ndiye aliyetawala biashara ya kaskazini mwa ziwa kwa mkono mkali. Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi alimzuia asiingie nchini mwake.

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, huko Stanley Falls. Mkutano wa Brussels wa 1889–1890 dhidi ya biashara ya watumwa ulimpa Leopold sifa ya mpinga utumwa. Septemba 1891 dola yake ikatoa amri ya kujitwalia pembe. Baada ya hapo mapatano na wafanyabiashara wa pwani hayakuwa na nafasi tena.

Vita na baadaye

Vita vilianza 1892. Miji yao ya Manyema, Nyangwe na Kasongo, ilianguka 1893, Sefu mwana wa Tippu Tip akauawa mwaka huo, na Januari 1894 Rumaliza alishindwa, akavuka kuingia eneo la Wajerumani. Baadaye alimshtaki Tippu Tip kuhusu mali ya ushirika wao, akashinda.

Wajerumani waliweka boma Ujiji mwaka 1896, lakini hawakufuta utumwa. Sheria yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 tu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Njia ya kati ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO.