Lutuku, methadoni na safari ya kila asubuhi

Mimi ni mtu wa udongo na mihogo, si munganga. Lakini kwetu Lusangi mihogo na mahindi ninayowaonyesha watu kulima mara nyingi huishia kwenye pipa la lutuku, kwa hiyo habari hii yanihusu. Mjomba wangu aliacha kunywa siku moja, kwa hasira, bila dawa. Kesho yake mikono ikatetemeka. Usiku wa pili akashikwa na kifafa. Watu wakasema karogwa.

Kumbe ni mwili uliozoea pombe, ukanyimwa ghafula.

Zamani mlevi mara nyingi alifungwa, hospitalini ama gerezani. Mwaka 1964, kule New York, Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwapa watumiaji wa heroini methadoni. Wakishatulia, walirudi kwao na kazini, wanakuja kunywa dawa tu. Huku kwetu mashariki, Februari 2011, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya namna hiyo. Kuieleza ni rahisi, kuifanya ndiyo kazi: kila siku, Jumapili nayo, mgonjwa alikuja, akanywa dawa mbele ya mhudumu, akarudi nyumbani. Aliyekaa mbali nauli ilimshinda. Kenya ikafuata Desemba 2014, Unguja mwaka 2015.

Lakini methadoni haitibu pombe, tusidanganyane. Kwa lutuku kuna diazepamu inayopunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1. Aliyewahi kupata kifafa ama kuchanganyikiwa alazwe. Wengi waliobaki wanaweza kutibiwa wakilala kwao, mradi wanaonwa kila siku. Sasa nani atawaona? Hapo nakumbuka Kasongo yetu. Miaka ya 1970 wanganga wa chuo cha Antwerp, pamoja na wa kwetu, walipanga vituo vidogo vya afya karibu na watu, wauguzi wachache kila kimoja, na mbinu hiyo ikaandikwa na kusomwa mbali sana. Sisi wenyewe twaisahau.

Mjomba alipoanza upya alilazwa siku nne kwa ajili ya kile kifafa. Kisha tukawa tunampeleka kituoni kwa baiskeli kila asubuhi. Mara mbili tulikuta dawa zimekwisha, tukanunua dukani. Shangazi ndiye aliyekuwa anahesabu vidonge.