Hoegaarden: kampuni ilinunua bia, ladha ikakataa kuhama

Wandugu, kila mara tukikaa nganda na mmoja wetu akasema "hii bia siyo ile ya zamani", mjadala unaanza na haumaliziki. Mmoja anasema kiwanda kimepunguza vipimo, mwingine anasema ni ulimi wako umezeeka. Ni nguvu kujua nani ana haki, juu hakuna aliyeficha chupa ya mwaka 1990 pembeni ili tulinganishe. Lakini kuna kijiji kimoja ambako swali hili lilipata jibu, na jibu lilitoka kwa kampuni kubwa yenyewe. Ni Hoegaarden, kule Ubelgiji, mashariki ya mji wa Leuven. Mji huo sisi tunaujua: chuo kikuu cha Leuven njo kilizaa Lovanium, Kinshasa, mwaka 1954.

Hoegaarden ilikuwa kijiji cha bia toka zamani. Katika karne ya 18 kilikuwa na viwanda vidogo zaidi ya 30, hesabu kubwa sana kwa kijiji. Bia yao ilikuwa nyeupe: ngano mbichi, kimea cha shayiri, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa machungu ya kisiwa cha Curaçao, kisiwa ambacho wakati ule Waholanzi walikuwa wanakitawala. Haikuchujwa, kwa hiyo ndani ya glasi inaonekana kama maji yenye ukungu. Mtu asiyeizoea anaweza kufikiri imeharibika.

Kisha mwaka 1842, mjini Pilsen, wakapika bia ya rangi ya dhahabu, safi kama kioo, na Ulaya yote ikaifuata. Bia ya namna hiyo inachacha katika baridi, inakaa muda mrefu bila kuharibika, na inapendeza macho. Bia za vijiji zikaanza kufa mojamoja. Mwaka 1926, Leuven ilitoa Stella Artois kuwa bia ya Noeli. Mwaka uleule, Léopoldville ilitoa chupa za kwanza za Primus. Sisemi moja ilizaa nyingine, nataka tu muone kwamba ni wimbi moja, na lilitufikia sisi pia mapema. Huko Hoegaarden kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe, cha familia ya Tomsin, kilifungwa katika miaka ya 1950. Karibu miaka kumi hivi, bia ya kijiji ilibaki katika kumbukumbu za wazee tu.

Hapa anaingia Pierre Celis. Alizaliwa mwaka 1925, na kazi yake ilikuwa kuuza maziwa. Siyo enjinia, siyo mwenye diploma ya kemia. Lakini utotoni aliishi jirani na kiwanda cha Tomsin na alikuwa anaenda kusaidia kazi mule ndani, kwa hiyo alijua namna bia ilivyopikwa. Wazee wa kijiji walikuwa wanalalamika kwamba wamekosa pombe yao. Katikati ya miaka ya 1960 akatafuta vyombo vya mitumba, akaanza kupika. Kiwanda chake baadaye kikaitwa De Kluis. Waliomsaidia kusambaza jina la ile bia walikuwa, pamoja na wengine, wanafunzi wa Leuven. (Msicheke. Nani asiyejua kwamba mwanafunzi ndiye mteja mwaminifu?) Katika miaka ya 1970 kijiji kilikuwa tena na bia yake, na bia ikaanza kuvuka mipaka.

Mwaka 1985 moto ukaunguza kiwanda. Bima haikutosha. Hapa ndipo hadithi nyingi za namna hii zinapogeuka, na naomba tusiende haraka. Watu wanapenda kusema kampuni kubwa "ilimeza" kampuni ndogo, sawa vile chatu na mbuzi. Mara nyingi siyo hivyo. Mdogo ana shida ya pesa, mkubwa ana pesa, wanasainiana karatasi. Kampuni ya Artois ilileta pesa za kujenga upya na ikachukua sehemu ya hisa. Mwaka 1987 Artois ikaungana na Piedboeuf, kampuni ya Jupille karibu na Liège, na mchanganyiko huo ukaitwa Interbrew. Kwa hiyo Celis aliyesaini na majirani wa Leuven akajikuta ndani ya nyumba ya mtu mwingine, kubwa zaidi.

Celis mwenyewe alieleza baadaye kwamba walikuwa wanamsukuma abadilishe namna ya kupika, bia iwafae watu wengi zaidi. Hakukubali. Akawauzia yote iliyobaki, akachukua pesa, akavuka bahari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1992 alifungua kiwanda Austin, Texas, akapika upya ile bia nyeupe, safari hii kwa jina lake mwenyewe: Celis White.

Huko Ubelgiji jina la Hoegaarden likaendelea kukua. Mwaka 2004 Interbrew ikaungana na AmBev ya Brazili, ikawa InBev. Mwezi wa 11 mwaka 2005 InBev ikatangaza: kiwanda cha Hoegaarden kitafungwa, bia nyeupe itapikwa Jupille. Kwa mhasibu, hesabu ilikuwa nyepesi. Jupille kuna kiwanda kikubwa sana, kwa nini kulipa gharama za viwanda viwili? Watu wa Hoegaarden wakaandamana. Fikirini mtu anakuja kusema kasiksi ya Bushi itatengenezwa mji mwingine, lakini itabaki kuitwa ya Bushi.

Kampuni haikusikiliza kwanza. Majaribio ya Jupille yakafanywa. Na hapa ndipo ninapopapenda: ladha haikutoka. Wataalamu wa kampuni kubwa kuliko zote, wenye maabara, wenye chachu ileile na karatasi ya vipimo vilevile, walishindwa kuitoa bia ya muuza maziwa katika matangi yao. Mwezi wa 9 mwaka 2007 InBev ikageuka: Hoegaarden itabaki wazi, na pesa zitawekwa ili kuipanua. Mauzo pia yalikuwa yanapanda, tusijifanye kwamba ni ladha peke yake iliyoshinda. Lakini ladha ilikuwa ndani ya sababu.

Juu ya nini ladha inakataa kuhama? Waliosoma kemia watanisahihisha kama nimekosea neno, lakini mambo yenyewe ni haya. Chachu ni kiumbe hai, siyo chumvi unayopima kwa kijiko. Katika tangi refu la kiwanda kikubwa, uzito wa kimiminika unaikandamiza, gesi ya kaboni inabaki nyingi ndani, na chachu inatoa harufu za matunda kidogo kuliko inavyotoa katika chombo kifupi. Maji nayo yana madini yake. Joto nalo linapanda na kushuka kwa namna nyingine. Mama anayetengeneza kasiksi Kivu analijua jambo hili bila kusoma kitabu: ndizi zilezile, mtama uleule wa kukaangwa, lakini ukibadilisha mtumbwi wa mti na kuweka bidoni la plastiki, wanywaji watakuuliza kulikoni.

Kwa bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, shida hiyo ni ndogo, kwani ladha yake imejengwa iwe nyepesi na viwanda vimejifunza kuirudia fasi yoyote. Kwa bia yenye tabia yake, shida ni kubwa.

Sasa, kuna wenye kusema: basi kila kampuni kubwa ikinunua, bia inakufa. Mimi sikubali haraka hivyo. Tuangalie Chicago. Kiwanda cha Goose Island kilianzishwa na John Hall mwaka 1988. Mwezi wa 3 mwaka 2011 Anheuser-Busch, ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa AB InBev, ilikinunua kwa dola milioni 38.8. Bia yao moja ya ngano inaitwa 312, namba ya simu ya katikati ya mji wa Chicago, lakini baada ya kuuzwa ikahamishiwa kiwanda cha Baldwinsville, jimbo la New York. Wenye mji walicheka kwa uchungu. Upande mwingine, bia yao nyeusi inayolala ndani ya mapipa ya whisky, Bourbon County, ilipata mapipa mengi na nafasi kubwa, na watu wengi zaidi wakaweza kuionja. Kisha chupa za mwaka 2015 zikaingiwa na bakteria, zikachachuka, kampuni ikarudisha pesa za wateja, na toka 2016 ikaanza kuipasha moto bia hiyo ili kuua vijidudu kabla ya kuiuza. Hapo mkubwa ana kosa au hana? Bakteria huingia pia katika viwanda vidogo, tena mara nyingi zaidi. Mkubwa alikuwa na maabara ya kuitambua na pesa za kurudishia watu. Ila wapenzi wa bia ile wanabishana mpaka leo kama kuipasha moto kumeipunguzia uhai.

Kwa maoni yangu shida iko katika neno lenyewe, ubora. Kwa kampuni kubwa, bia bora ni ile ambayo chupa ya Jumatatu na chupa ya Ijumaa hazina tofauti, hapa na ng'ambo. Siyo jambo dogo, na ni viwanda vikubwa vinavyoliweza. Kwa fundi mdogo, bia bora ni ile ambayo huwezi kuikuta kwingine. Mkubwa akimnunua mdogo, anaipima bia ya pili kwa mizani ya kwanza. Hatoi amri "haribuni". Anauliza tu: ganda hili la machungwa ni la bei gani, je, kuna la bei nafuu? Bia inakaa wiki ngapi kwenye tangi, je, siku kadhaa hazitoshi? Kila swali peke yake lina akili. Ukijibu ndiyo mara sita, unabaki na jina na chupa.

Kwetu Kongo hatukupita njia hiyo hasa. Kwa miaka mingi bia za viwanda zilikuwa karibu zote chini ya makundi mawili, Heineken kupitia Bralima na Castel kupitia Bracongo na Brasimba, na vinywaji vya nyumbani, kasiksi upande wa Kivu, munkoyo kule Katanga, vilibaki kwa akina mama bila mtu kuja kuvinunua. Lakini naona vijana wenzetu wameanza kutia juisi, pilipili na kahawa ndani ya chupa zenye etiketi nzuri. Siku moja mtu mwenye pesa atakuja kuwauliza bei, na hapo historia ya Celis ina sehemu moja zaidi ambayo watu hawaisimulii sana.

Kule Austin pia alihitaji pesa za kukua. Mwaka 1995 kampuni ya Miller ikachukua sehemu kubwa ya kiwanda chake. Mwaka huohuo Coors, mshindani wake, ilianzisha bia yake yenyewe ya ngano na machungwa, Blue Moon, bila kununua mtu yeyote. Miaka michache baadaye Miller ikakifunga kiwanda cha Austin, na jina la Celis likauzwa kwa kampuni moja ya Michigan. Yaani yule mzee alikuwa amefufua aina nzima ya bia, leo inapikwa katika nchi nyingi, na hakuwa na haki ya kuandika jina lake la ukoo juu ya chupa. Alirudi Ubelgiji akaendelea kupika: bia yake iliyokuja baadaye, Grottenbier, ilipikwa kwenye kiwanda cha wengine, cha St. Bernardus, na kulazwa ndani ya mapango. Alikufa mwezi wa 4 mwaka 2011, wiki mbili hivi baada ya Goose Island kutangazwa kuuzwa. Mwaka uliofuata binti yake, Christine, alilipata tena jina la Celis, na mwaka 2017 akafungua kiwanda Austin. Bia ya Hoegaarden yenyewe inapikwa bado kijijini, na mwenye nayo ni AB InBev, makao makuu Leuven.